Mkulima auza protini, nyumbani abaki na ugali

MIKOA ya Iringa, Njombe na Rukwa kwa kawaida haihesabiwi miongoni mwa mikoa yenye njaa. Sehemu kubwa ya mahindi, maharage, viazi na mboga zinazoliwa Dar es Salaam na miji mingine hutoka Nyanda za Juu Kusini, na msimu wa mavuno malori hupishana barabarani usiku na mchana kusomba mazao hayo.

Hata hivyo, Utafiti wa Demografia, Afya na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mikoa hiyo hiyo ndiyo inayoongoza kwa udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano. Iringa ilikuwa na asilimia 57, Njombe asilimia 50 na Rukwa asilimia 50, wakati wastani wa kitaifa ulikuwa asilimia 30. Kwa maneno mengine, katika mikoa inayolisha wengine, mtoto mmoja kati ya wawili ni mfupi kuliko anavyotakiwa kuwa kwa umri wake.

Udumavu hausababishwi na kitu kimoja. Maradhi ya kuhara, maji yasiyo salama, uzazi wa karibu karibu na mama kukosa muda wa kumlisha mtoto kwa sababu ya kazi za shamba, vyote vimo. Ndiyo maana Septemba 2022 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma, ili suala hilo lisiachiwe sekta ya afya peke yake.

Lakini ipo sababu moja inayomhusu mkulima na mfanyabiashara moja kwa moja. Mazao huuzwa kwa gunia, tenga, kisado au fungu. Hakuna anayeuza kwa kuangalia kilichomo ndani ya zao. Matokeo yake ni kwamba kaya nyingi huuza chakula chenye protini na nyuzinyuzi nyingi, kisha hubaki na kile chenye kujaza tumbo tu.

Maji ndiyo yanayopakiwa

Protini ndiyo inayojenga misuli, damu na viungo vya mwili. Nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wa lishe huziita pia makapi-mlo, ni ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuimeng'enya. Husaidia choo kutoka vizuri, hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu na humfanya mtu ashibe kwa muda mrefu.

Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 anahitaji takriban gramu 50 za protini kwa siku. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji takriban gramu 13. Kwa upande wa nyuzinyuzi, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, pamoja na kula angalau gramu 400 za matunda na mboga.

Sasa tazama kilichomo sokoni. Kila gramu 100 za nyanya zina protini isiyofikia gramu moja na nyuzinyuzi gramu moja hivi. Karibu gramu 94 ni maji. Kabichi ina protini gramu 1.3 na nyuzinyuzi gramu 2.5. Karoti ina protini gramu 0.9 na nyuzinyuzi gramu 2.8. Biringanya ina protini gramu moja na nyuzinyuzi gramu 3, na bamia ina karibu gramu 2 za protini na gramu 3 za nyuzinyuzi. Viwango hivi hubadilika kidogo kulingana na mbegu, udongo na umri wa zao, lakini picha haibadiliki.

Fuso likipakia tani saba za kabichi kwenda mjini, zaidi ya tani sita ni maji. Hiyo haina maana kwamba mkulima aache kulima kabichi au nyanya. Mazao hayo yanaleta fedha ya haraka, na vitamini zake zina faida. Kosa ni kudhani kwamba mtoto aliyekula ugali na mchuzi wa nyanya au kabichi amekula chakula kamili kwa sababu tu sahani ilikuwa imejaa.

Si kila jani ni sawa

Katika mboga za majani tofauti ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mchicha na matembele vina protini takriban gramu 2.5 kwa kila gramu 100 za majani mabichi. Majani ya maboga yana takriban gramu 3, majani ya kunde gramu 4 na kisamvu gramu 7 hivi. Matembele kwa upande wake yanaongoza kwa nyuzinyuzi, zaidi ya gramu 5.

Hivyo basi, kisamvu ambacho wengine hukiona kuwa chakula cha mtu asiye na uwezo kina protini mara tano ya kabichi. Sharti lake ni moja: kitwangwe vizuri na kichemshwe cha kutosha, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sayanaidi ambayo huondoka kwa kutwanga na kupika.

Majani ya kunde yana faida nyingine. Yanachumwa mapema kabla mmea haujazaa, na yakikaushwa yanakaa hadi kiangazi. Wasukuma wana nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, na Dodoma na Singida kukausha mboga za mlenda ni jambo la miaka mingi. Majani yaliyokaushwa kivulini hubakiza vitamini A zaidi kuliko yale yaliyoanikwa juani.

Kwenye mikunde ndiko kwenye hazina

Hata hivyo, mboga za majani peke yake haziwezi kumaliza hitaji la protini. Ili mtu apate gramu 50 kwa mchicha pekee, itambidi ale kilo mbili kwa siku. Hapo ndipo mikunde inapoingia.

Maharage, kunde, choroko na mbaazi zikiwa kavu zina protini kati ya gramu 21 na 24 kwa kila gramu 100, na nyuzinyuzi zisizopungua gramu 10. Zikishapikwa hunywa maji na kiwango hushuka hadi gramu 7 au 9, lakini hakuna mboga ya majani inayofikia hapo baada ya kupikwa. Hata mikunde inayoliwa mbichi kama mboga iko mbele: njegere mbichi zina protini gramu 5.4 na mbaazi mbichi gramu 7.

Wazee waliopika makande hawakukosea. Protini ya mahindi ina upungufu wa kirutubisho kimoja ambacho maharage yanacho kwa wingi, na maharage yana upungufu wa kingine ambacho mahindi yanacho. Vikiliwa pamoja, kimoja huziba pengo la mwenzake.

Tatizo ni kwamba mikunde ndiyo inayouzwa kwanza. Maharage yakivunwa, ada za shule na madeni ya mbolea yanasubiri, na dalali yuko mlangoni. Bei wakati huo iko chini kwa sababu kila mtu anauza. Miezi michache baadaye kaya ile ile hurudi dukani kununua maharage kwa kisado, kwa bei ya juu, au huacha kabisa kuyala. Aidha, katika kaya nyingi maharage yakiwa ya kula huwa ni zao la mama, lakini yakigeuka kuwa ya kuuza uamuzi huhamia kwa baba.

Mbaazi zinatoa funzo lingine. Wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara wamekuwa wakizilima wakitegemea zaidi mnunuzi mmoja mkubwa, yaani India. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini humo kwa mwaka, na bei vijijini hapa nchini ikaporomoka. Tangu Mei 2021 India ililegeza masharti hayo na biashara ikarudi, lakini mkulima anapaswa kukumbuka kwamba uamuzi unaofanywa New Delhi unaweza kumwachia ghala limejaa.

Mwaka ule wa 2017, magunia yaliyokosa soko yalikuwa yamejaa chakula chenye protini zaidi ya asilimia 20. Mwambao, mbaazi za nazi na maandazi ni kifungua kinywa kinachoheshimika. Bara, katika maeneo mengi zinakolimwa, hazina nafasi kubwa mezani. Mama lishe anayezipika kwa wanafunzi, mafundi na bodaboda anajenga soko ambalo halitegemei uamuzi wa serikali ya nchi nyingine.

Nyuzinyuzi: nani anazihitaji na nani azipunguze

Katika matunda, protini si jambo la kutegemea. Embe, papai, nanasi, chungwa na tikiti maji yote yana chini ya gramu moja kwa kila gramu 100. Ndizi mbivu ina gramu 1.1, parachichi gramu 2 na pera gramu 2.5.

Nguvu ya matunda iko kwenye nyuzinyuzi. Pasheni ikiliwa na mbegu zake ina takriban gramu 10, parachichi karibu gramu 7, pera zaidi ya gramu 5, ndizi gramu 2.6 na chungwa gramu 2.4. Embe na papai zinakaribia gramu 2, na tikiti maji halifikii hata nusu gramu. Chungwa likikamuliwa na kuchujwa, nyuzinyuzi karibu zote hubaki kwenye makapi, na mteja hunywa maji na sukari ya tunda. Mwenye kisukari anayenunua glasi ya juisi akidhani amekula tunda amejidanganya.

Habari ya parachichi inastahili kutazamwa kwa makini, kwani ndilo zao linalozungumzwa zaidi Njombe, Iringa na Mbeya. Novemba 2022 Tanzania na China zilisaini makubaliano ya kufungua soko la China kwa parachichi za Tanzania. Hiyo ni nafasi nzuri ya kipato. Tunda lisilofaa kusafirishwa, lililo dogo au lenye doa, linaweza kumfaa mtoto kwa mafuta na nyuzinyuzi zake. Lakini lisichukuliwe kuwa badala ya maharage: gramu 100 za parachichi zina protini gramu 2 tu.

Kwa watu wazima, chanzo rahisi zaidi cha nyuzinyuzi si tunda bali unga. Dona ina takriban gramu 7 kwa kila gramu 100. Mahindi yakikobolewa kuwa sembe, hubaki nusu ya kiasi hicho au pungufu, na sehemu ya protini bora iliyo kwenye kiini huondoka pia. Pumba hupelekwa kwa kuku na ng'ombe. Mkulima hulipia kukoboa ili mifugo yake ile vizuri kuliko watoto wake.

Hata hivyo dona ina masharti. Kiini kina mafuta, hivyo unga wake huharibika mapema na unafaa kusagwa kidogo kidogo. Jambo kubwa zaidi ni sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kukoboa hupunguza sumu hiyo kwa kiasi kwa sababu sehemu yake kubwa huwa kwenye ganda na kiini. Kwa hiyo dona isagwe kutokana na mahindi yaliyokaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, yasiyoanikwa chini kwenye udongo na yaliyochambuliwa punje zilizooza.

Mtoto wa chini ya miaka miwili ni suala tofauti. Tumbo lake ni dogo. Akishibishwa uji mwepesi, mboga zenye nyuzinyuzi nyingi na maji ya matunda, hujaa kabla hajapata nguvu na protini ya kutosha. Huyo anahitaji chakula kizito kwa virutubisho: maharage yaliyopondwa na kuondolewa maganda, karanga safi zilizosagwa, yai, maziwa au dagaa, na mboga kidogo iliyopikwa ikalainika.

Hesabu ya mchuuzi

Mfanyabiashara anaweza kuuliza, haya yanamhusu nini? Yanamhusu kwa bei. Chukua mfano wa soko ambalo kilo ya maharage ni Sh3,000, kilo ya nyama Sh10,000, yai Sh400, fungu la majani ya kunde lenye gramu 300 Sh500 na kilo ya nyanya Sh1,500. Bei hizi ni za mfano tu; kila mtu aweke za soko lake.

Kwa bei hizo, gramu 10 za protini kutoka kwenye maharage zinagharimu takriban Sh140. Kutoka kwenye majani ya kunde ni Sh410, nyama Sh500, yai Sh670 na nyanya zaidi ya Sh1,600. Protini ya nyama na yai hutumiwa na mwili vizuri zaidi kuliko ya mimea, lakini hata ukiondoa robo kwenye maharage bado hakuna kinachoyakaribia kwa unafuu. Mwenye genge anayeweza kumweleza mteja hesabu hii kwa lugha nyepesi atauza maharage, choroko na kisamvu zaidi ya jirani yake.

Hesabu hiyo hiyo inamlinda mteja dhidi ya maneno matamu. Unga wa majani ya mlonge hutangazwa kuwa una protini mara nyingi kuliko maziwa. Ni kweli kwamba unga huo una protini takriban gramu 25 kwa kila gramu 100, na maziwa ya ng'ombe gramu 3.3. Lakini unga umeondolewa maji na maziwa hayajaondolewa. Maziwa ya unga nayo yana takriban gramu 26. Zaidi ya hapo, hakuna anayekula gramu 100 za mlonge. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu 8 hivi, yaani protini gramu 2. Mlonge ni mboga nzuri. Anayeuza kopo lake kwa bei ya dawa anauza matumaini.

Anayetaka kukausha mboga kwa biashara naye apige hesabu kabla ya kununua kikaushio. Kilo moja ya majani makavu huhitaji kilo nane hadi kumi za mabichi. Asipouza kilo hiyo kwa zaidi ya mara kumi ya bei ya mbichi, pamoja na gharama za mifuko na nguvu kazi, atapata hasara. Faida ipo wakati wa masika ambapo majani mabichi hutupwa kwa kukosa mnunuzi, na kiangazi ambapo hayapatikani. Mwenye nia ya kwenda mbali zaidi ya gulio la kijijini atahitaji alama ya ubora ya TBS, na SIDO huwasaidia wajasiriamali wadogo kuanza safari hiyo. Kiwango cha protini kinachoandikwa kwenye kifungashio kitoke maabara, kisinakiliwe kwa mtengenezaji mwingine.

Gunia la nyumbani kwanza

Nini basi kifanyike? Kwa mkulima, hatua ya kwanza haihitaji fedha wala semina. Kaya ya watu sita ikipika wastani wa gramu 60 za maharage makavu kwa kila mtu kwa siku, itatumia gramu 360 kwa siku, sawa na kilo 131 kwa mwaka. Hilo ni gunia moja la kilo 100 na madebe yasiyozidi mawili. Kiasi hicho humpa kila mmoja takriban gramu 13 za protini kila siku, mbali na ya mahindi na mboga.

Gunia hilo litengwe siku ya kupura, kabla dalali hajaweka mzani, na baba na mama wakubaliane kwamba haliguswi. Lihifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, maarufu kwa jina la kinga njaa, ili lisibunguliwe. Kinachozidi ndicho kiwe mali ya soko. Yule anayelima kabichi au parachichi pekee afanye vivyo hivyo kwa fedha: siku ya malipo anunue maharage ya mwaka wakati bei iko chini, asisubiri kununua kwa kisado.

Kwa halmashauri na maofisa ugani, ushauri wa kilimo usiishie kwenye tani kwa hekta. Mkulima anayepewa mbegu ya mahindi aelezwe pia habari ya kunde na mbaazi za kuchanganya shambani, ambazo hurutubisha udongo na kumpa mboga miezi michache baadaye. Shule zenye mashamba nazo zina nafasi ya kuanza na matembele, kisamvu na mikunde badala ya bustani ya kabichi pekee.

Udumavu ukishampata mtoto katika siku 1,000 za kwanza, ni vigumu kuurudisha nyuma. Bei ya maharage hupanda na kushuka kila msimu, na mkulima aliyeuza vibaya mwaka huu anaweza kuuza vizuri mwakani. Mtoto hana msimu mwingine. Ndiyo maana lile gunia moja na madebe mawili lihesabiwe kwanza, kisha yafuate mengine.